Amin alidai Kitale na Bungoma, Kenya ikaagiza vifaru. Vikapelekwa Isiolo

Kuna ubishi ambao vijana wa upande huu hatuchoki nao: Kenya na Uganda zikipigana leo, nani atashinda? Mmoja anatoa simu, anafungua video ya T-90 za Uganda, mwingine anamjibu na T-72 za Kenya, na kabla soda iishe mtu ameshafikisha vita Kampala. Huo ubishi naupenda, sitadanganya. Kinachoniudhi ni vile tunahesabu vifaru kama magoli. Hakuna anayeuliza vya kwetu vilikuja aje, vilinunuliwa juu ya nani, na vinakaa wapi. Na hiyo historia ukiifuata nyuma inakuleta hapa hapa kwetu, wasee, kati ya Bungoma na Kitale.

Anza na ramani. Hadi mwaka wa 1902, mahali unaposoma hii kama uko Bungoma, Webuye, Kimilili ama Kitale palikuwa Uganda. Si kwa maneno ya vijiweni, kwa karatasi za Waingereza wenyewe. Ulikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda, na mpaka ulikuwa mbali sana huko Naivasha. Reli ilipofika ziwani Kisumu mwishoni mwa 1901, Waingereza wakaona ni usumbufu reli moja kupita kwenye serikali mbili, wakachukua mkoa mzima wakauhamishia upande huu. Hakuna babu wa mtu aliyeulizwa.

Hata bunduki za kwanza za serikali zilizofika kwa Wabukusu zilikuja kwa jina la serikali ya Uganda. C. W. Hobley, aliyekuwa na kituo Mumias, ndiye aliyeongoza mashambulizi ya Lumboka na Chetambe mwaka wa 1895. Wabukusu walikuwa wanajenga vijiji vyenye kuta za udongo na mtaro kuzunguka, ngome kabisa, na kwa vita vya mikuki na mishale ngome hizo zilikuwa zimewatosha. Ukipenda, hiyo ndiyo deraya ya kwanza ya sehemu hii: deraya ya udongo. Ilikutana na bunduki za kisasa na ikashindwa. Kilima cha Chetambe bado kiko hapo juu ya Webuye, na wengi wetu tunakipita kwa matatu tukiangalia simu.

Sasa ruka hadi Februari 1976. Idi Amin akasimama na kusema kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni ya Uganda kihistoria, na kwamba ana haki ya kuidai. Ramani aliyokuwa anaisema ni ile ya kabla ya 1902. Kwa hiyo hakuitunga yote kichwani, na hapo ndipo utamu na hatari yake. Kitale ilikuwa ndani, Bungoma ndani, Kisumu ndani, na sehemu ya Bonde la Ufa hadi karibu na Naivasha. Mzee Kenyatta akajibu kwamba Kenya haitatoa hata inchi moja, wafanyakazi wa bandari ya Mombasa wakagoma kushughulikia mizigo ya Uganda, na baada ya siku chache Amin akaanza kulegeza maneno. Lakini Julai mwaka uo huo Waisraeli wakavamia Entebbe, ndege zao zikapitia Nairobi kujaza mafuta, na Amin akalipiza kisasi kwa Wakenya waliokuwa wanaishi Uganda. Waliuawa kwa mamia. Kwa hiyo ukisikia wazee wa Malaba wanazungumzia 1976 kwa sauti ya chini, jua hawaigizi.

Na jeshi letu wakati huo lilikuwa na nini? Kwa upande wa vifaru, sufuri. Hakukuwa na kifaru hata kimoja. Tulikuwa na magari machache ya deraya ya Uingereza, Ferret na Saladin, yale ya magurudumu, ya kwenda kuchungulia adui na kurudi kutoa habari. Ya aina hiyo yalifaa vita vya Shifta kule kaskazini, 1963 hadi 1967, ambapo adui alikuwa kikundi kidogo chenye bunduki na ngamia, na shida kubwa ilikuwa bomu zilizofukiwa barabarani. Uganda ya Amin kwa upande wake ilikuwa na Sherman alizopata kwa Waisraeli kabla wakosane, na T-54 na T-55 za Wasovieti. Somalia ya Siad Barre ndiyo ilikuwa mbaya zaidi: vifaru zaidi ya mia mbili, na bendera yenye nyota ambayo moja ya pembe zake tano ilimaanisha kaskazini mashariki mwa Kenya. Yaani majirani wawili, wote wanadai ardhi, wote wana chuma. Sisi tuna Ferret.

Hapo ndipo kikosi cha vifaru cha Kenya kilipozaliwa. Mwaka wa 1977 Kenya iliagiza vifaru 38 aina ya Vickers Mk 3 kutoka Uingereza, na mwaka uliofuata ikaongeza 38 vingine, pamoja na magari machache ya kuvuta kifaru kilichokwama. Jumla 76. Ndege za kivita za F-5 za Marekani zilinunuliwa katika hofu hiyo hiyo.

Nikae kidogo kwenye hii Vickers, kwa sababu haipati heshima yake. Kiwanda kilikuwa Newcastle, kwenye mto Tyne. Muundo wake ulianza kama kifaru cha bei nafuu cha kuuzia nchi zisizo tajiri, na India ndiyo iliyoanza nacho wakakiita Vijayanta. Hii ya Kenya ni toleo la baadaye: karibu tani 40, injini ya dizeli ya Marekani aina ya Detroit yenye nguvu za farasi 720, mwendo wa kilomita 50 kwa saa, watu wanne ndani. Mzinga wake ni L7 wa milimita 105, na hapo ndipo kuna raha, kwa sababu L7 ndio uliokuwa kwenye Centurion, Leopard 1 na M60, yaani vifaru karibu vyote vya upande wa Magharibi vya enzi hiyo. Kwa hiyo Kenya ilipata mzinga wa mkubwa kwenye mwili wa bei ya kawaida. Deraya ndiyo ilikuwa nyembamba. Wazo lilikuwa piga kwanza, halafu sogea. Ukisubiri kupigwa, imekula kwako.

Kitu kingine kuhusu hilo jina. Mwaka wa 1897 Vickers walinunua kampuni ya Maxim, wenye bunduki ya mashine ambayo Lugard aliitumia Mengo mwaka wa 1892 kuamua nani atatawala Buganda, na ambayo kwa jumla ndiyo iliyowapa Waingereza sehemu yetu hii ya dunia. Miaka 80 baadaye, 1977, tunarudi kwa Vickers na pesa mkononi, ili kulinda mpaka ambao Waingereza waliuchora. Sijui unacheka ama unafanya nini na hiyo.

Sambamba na vifaru kuna Panhard AML za Ufaransa, na kwa maoni yangu hizi ndizo zilizofaa nchi hii zaidi. AML-90 ina magurudumu manne, tani tano na nusu tu, watu watatu, na juu imebeba mzinga wa milimita 90. Ni kama kuweka kanoni juu ya Probox. Inakimbia barabarani kama gari lingine lolote, haiharibu lami kama minyororo ya kifaru, na haihitaji trela kubwa la kuibeba kutoka kambi hadi kambi. Wanaojua magari ya jeshi wanaiheshimu. Watoto wa video hawaitambui kwa sababu haina minyororo.

Haya, vifaru vimefika. Vinawekwa wapi? Kama hofu ilikuwa Amin na Kitale, ungedhani vitawekwa Kitale, ama angalau Eldoret. Hapana. Kikosi cha 78 cha vifaru kiko Isiolo. Kikosi cha 76, kile cha upelelezi chenye magari ya deraya, kiko Gilgil. Angalia ramani uone hizo sehemu zinaelekea wapi. Isiolo ni mlango wa kaskazini, Gilgil iko katikati ya nchi. Kufikia wakati oda zote mbili zilikuwa zimekamilika, mwanzoni mwa miaka ya 80, Amin alikuwa ameshakimbia. Watanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni walimtoa Kampala Aprili 1979. Aliyebaki ni Barre.

Na hata Amin angebaki, fikiria kifaru cha tani 40 Bungoma. Nzoia, Kuywa, Malakisi, Lwakhakha: mito kila mahali, na madaraja ambayo lori la miwa likipita unashika roho. Mvua ya Aprili ikinyesha, udongo wa huku unameza trekta. Upande wa Kitale kuna tambarare ya mahindi, sawa, lakini nyuma yake kuna Mlima Elgon, na kifaru hakipandi Elgon. Nchi ya kifaru ni kule Isiolo kwenda juu, mahali unaona adui kabla hajafika. Kwa hiyo walioamua hawakukosea kabisa. Mimi ninachosema ni kwamba sisi ndio tulikuwa moja ya sababu za kununua, na chuma chenyewe hatujawahi kukiona ila kwenye televisheni siku ya Jamhuri.

Mpaka wenyewe ulipokuja kuwaka moto tena, Desemba 1987 pale Busia, askari wa Kenya na wa Uganda walirushiana risasi kwa siku kadhaa, Moi upande huu na Museveni upande ule. Mazungumzo ndiyo yaliyoizima.

Halafu kuna sinema ya 2008. Septemba 25, maharamia wa Kisomali wakateka meli ya MV Faina ikielekea Mombasa. Wakifungua ndani wanakuta vifaru 33 vya T-72 kutoka Ukraine. Hebu fikiria wewe ni haramia, ulikuwa unatafuta mchele. Kenya ikasema ni vyetu. Lakini kwenye karatasi za mzigo kulikuwa na herufi GOSS, na watu wengi wakazisoma kama kifupi cha Serikali ya Sudan Kusini. Msemaji wa Kenya akaeleza eti ni kitengo cha jeshi letu la ununuzi wa vifaa. Meli iliachiliwa Februari 2009 baada ya fidia ya dola milioni 3.2, vifaru vikashushwa Mombasa mbele ya kamera na kupelekwa kambi ya Kahawa. Mwaka wa 2010 nyaraka za ubalozi wa Marekani zilizovujishwa na WikiLeaks zilionyesha Wamarekani walijua mzigo ulikuwa wa Sudan Kusini, na kwamba mizigo mingine ya aina hiyo ilishapita kabla. Serikali yetu ilibaki na msimamo wake.

Kwa hiyo ukibishana na Mganda kwa kutumia T-72 za Kenya, jua unatumia kifaru ambacho umiliki wake ulibishaniwa na ulimwengu mzima. Tena ni kifaru cha familia nyingine kabisa. Mzinga wake ni milimita 125, haushiriki risasi hata moja na Vickers. Ndani wanakaa watatu badala ya wanne kwa sababu mashine ndiyo inayopakia risasi, na risasi zenyewe zimepangwa kwa duara chini ya miguu ya askari. Ndiyo maana kule Ukraine unaona T-72 ikipigwa, kichwa chote kinaruka juu kama kifuniko cha sufuria. Jeshi dogo lenye aina mbili za vifaru linahitaji vipuri vya aina mbili, mafundi wa aina mbili, mafunzo ya aina mbili. Video hazionyeshi hiyo sehemu kwa sababu fundi akitafuta fani belti haina muziki mzuri.

Mwaka uo huo wa 2008, kabla ya Faina, jeshi lilikuja kwetu. Kumbuka nimesema chuma cha kulinda ardhi hii hatujawahi kukiona. Askari tuliwaona. Kundi la SLDF lilikuwa limeshika Mlima Elgon tangu karibu 2006 kwa sababu ya ugomvi wa mashamba ya Chebyuk, linaua, linakata watu masikio, linatoza kodi. Human Rights Watch walisema SLDF iliua zaidi ya watu 600. Maelfu walishuka mlima wakaja kuishi kwa jamaa na kwenye kambi za upande wa Bungoma na Trans Nzoia. Machi 2008 serikali ikaanzisha operesheni iliyoitwa Okoa Maisha. Hapo hakuna kifaru, ilikuwa malori na helikopta. Wanaume walizolewa vijijini kwa mamia, wakapelekwa kambi ya Kapkota kuchunguzwa. Ripoti hizo hizo za Human Rights Watch zikasema wengi waliteswa huko, na kwamba kuna waliochukuliwa hawakurudi. Jeshi lilikanusha. Kiongozi wa kundi, Wycliffe Matakwei, aliuawa Mei, na SLDF ikaisha kama kundi. Kwa hiyo watu wa mlimani walipata usingizi, na kuna mama ambao mpaka leo wanauliza mtoto alipelekwa wapi. Hizo mbili ni kweli zote pamoja, na mtu akikusimulia moja bila ya pili, mwambie amalize hadithi.

Nimeiweka hapa kwa makusudi. Tunapenda historia ya jeshi ya vyuma kwa sababu chuma hakina mama. Lakini ukiuliza Cheptais jeshi ni nini, hakuna atakayekutajia Vickers.

Somalia ndiyo iliyobadilisha hesabu yote. Kenya iliingia Oktoba 2011 kwa operesheni ya Linda Nchi, na huko ikaonekana kwamba adui mkubwa wa askari ni bomu la barabarani, lile lile la vita vya Shifta lakini kubwa mara kumi. Kifaru cha tani 40 kinaweza kupigana na kifaru kingine. Kuwasindikiza vijana kumi kutoka Dhobley hadi Kismayo si kazi yake. Hapo unahitaji gari lenye tumbo la umbo la V, ili mlipuko ukitokea chini ugawanyike pande mbili badala ya kupanda juu moja kwa moja hadi kwa viti. Ndiyo sababu ya Puma M26 za Afrika Kusini, na baadaye Hizir za Uturuki kutoka kampuni ya Katmerciler: mkataba wa 2021, magari 118, dola milioni 91.4. Watu walilalamika kuhusu bei na mkopo, na ni haki yao kuuliza. Mimi kwa hilo niko upande wa magari. Ukinipa hizo pesa nichague kati ya vifaru vichache vya gwaride na Hizir 118, siwazi mara mbili.

Kwa sababu Januari 15, 2016 kulikuwa na El Adde. Al-Shabaab walianza na gari lililojaa mabomu, wakaingia kambini, wakaua, wakaondoka na magari yetu na kuyaonyesha kwenye video zao. Ibada ya kuwakumbuka waliokufa ilifanywa Moi Barracks, Eldoret, marais wa Nigeria na Somalia wakiwa wamekaa hapo na Uhuru. Eldoret ni hapo tu. Siku hizo kwenye barabara ya Webuye hadi Kitale kulikuwa na matanga ambayo majirani walijua ni ya nini, na serikali haikutaja idadi.

Na wengi wa rika langu magari ya deraya ya KDF tuliyaona kwa mara ya kwanza yakiwa kazini Juni 2024, Nairobi, siku za maandamano ya Mswada wa Fedha. Katiba, kifungu cha 241, inasema jeshi linaweza kusaidia wakati wa dharura na likishapelekwa Bunge liarifiwe, lakini likipelekwa kutuliza ghasia ndani ya nchi lazima Bunge la Kitaifa liidhinishe. Tangazo la waziri la kulitoa jeshi lilitoka tarehe 25. Bunge likaidhinisha tarehe 26, jengo lenyewe likiwa bado linanuka moshi. Tarehe 27 magari yakaonekana katikati ya mji, vijana wenye chupa za maji na bendera wakiyapiga picha.

Vickers za mwaka wa 1977 zilinunuliwa kwa sababu ya Amin na Barre, na hazikuwahi kupigana na yeyote kati yao. Hizo za magurudumu ndizo zinazofanya kazi, nje na ndani. Kwa hiyo ubishi wa Kenya na Uganda tuendelee nao, nitaleta soda. Ila mtu akitaja idadi ya vifaru, ataje pia kambi vilipo, na nani alisaini vitoke.